"Anko, lava iko wapi?"

Kila basi la shule likishusha watoto hapa chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, naanza kuhesabu moyoni. Sifiki kumi kabla mmoja hajauliza: "Anko, mlima huu utalipuka lini?" Mtoto simlaumu. Juzi aliyeuliza alikuwa mwalimu wao.

Rwenzori si volkano, wala haijawahi kuwa. Muhabura ni volkano, Elgon ni volkano, Kilimanjaro pia, basi watu wameamua kwamba kila mlima mrefu wa huku kwetu lazima ulitapika moto. Rwenzori ni kipande cha ganda la dunia kilichoinuliwa kizimakizima wakati ardhi inapasuka na kufanya Bonde la Ufa. Chukueni vitabu vitatu, mvisimamishe vikiwa vimebanana kati ya viganja. Legezeni kidogo: cha kati kinaporomoka. Hilo ni bonde, walimolala Albert na Edward, maziwa yetu mawili. Sasa kisukumeni kwa kidole kutoka chini mpaka kichomoze juu ya wenzake. Hiyo ndiyo Rwenzori, kilomita 120 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Bado hamniamini? Okoteni jiwe mto Mubuku, unaoshuka kutoka Rwenzori. Ni zito, lina mistari myeupe na myeusi, kwa sababu ni mwamba wa kale uliobanwa na kupikwa kwa joto chini kabisa ya ardhi. Halafu mtafute jiwe la Kisoro, kule kwenye volkano ya Muhabura, lile wanalopangia kuta za mashamba: jeusi, lina vitundu kama mkate. Vitundu hivyo viliachwa na gesi wakati lava, ule uji wa mawe ya moto, ilipokuwa inapoa. Shikeni moja mkono huu, jingine mkono ule, ubishi unaisha.

"Na Katwe je, anko?" Hilo swali nalipenda. Shimo la Katwe wanakochota chumvi, na vile viziwa vya mviringo karibu na Fort Portal, ni kazi ya volkano kweli. Lakini ni majirani tu wa mlima. Jirani yako akiwa fundi cherehani, wewe hujawa fundi.

Mengine haraka haraka. Margherita, sehemu ya juu kabisa ya Rwenzori, si mlima, ni kilele cha Mlima Stanley. Mwitaliano aliyekifikia mwaka 1906 alikipa jina la Malkia Margherita wa kwao. Kina mita 5,109, na kinaufanya Stanley mlima wa tatu kwa urefu Afrika nyuma ya Kilimanjaro (5,895) na Kenya (5,199). Waganda wenzangu, tulieni na medali ya shaba, shaba yenyewe tunayo tele kwenye mgodi wa Kilembe. Tena kilele si chetu peke yetu, mpaka wa Kongo unapita huko huko juu.

Kuhusu theluji kwenye ikweta: hewa hupashwa moto na ardhi iliyopigwa na jua, kwa hiyo ukipanda unaliacha jiko nyuma. Kila mita 100, toa karibu nusu digrii na kidogo. Mjini Kasese, hapa chini, mnatoka jasho, juu maji yanaganda. Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, waliiita theluji nzururu zamani, kabla Mzungu yeyote hajafika kushangaa.

Na raba nyeupe mziache nyumbani. Nimeshavuta watoto wengi kutoka kwenye matope ya Rwenzori, mguu unatoka, raba inabaki. Gambuti, wanangu. Gambuti, na soksi mbili.