Saa tano na dakika kumi

Huyu wa juzi ni wa nne tangu mwezi uanze. Kijana wa Makorora, kaja na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, kaifungua mezani kwangu kama hati ya kiwanja. "Sista, mama ana demensia, akili inamtoka. Tazama saa aliyochora." Duara limepinda, namba zimeishia tisa, mishale hakuna. Kipimo kakitoa kwenye ujumbe unaozunguka WhatsApp: mwambie mzee achore saa, akikosea ujue ubongo umekwisha.

Mama kasoma hadi darasa la ngapi? Hajasoma, madrasa tu. Kalamu kaishika lini? Hata fomu ya kitambulisho alitia dole gumba. Sasa hapo, mdogo wangu, umepima ubongo au umepima kalamu?

Kuchora ni kipimo halali, sibishi. Katika vipimo vifupi vya akili na kumbukumbu vinavyotumika hospitalini, saa na mchemraba vimo kwenye MoCA ya 2005, pentagoni mbili (maumbo ya pembe tano) zinazokatana zimo kwenye MMSE ya 1975, na Mini-Cog ni saa pamoja na maneno matatu ya kukumbuka. Kuchora saa kunadai mtu apange nafasi na ashike agizo kichwani mpaka amalize. Lakini ni chujio. Sonona, dawa za usingizi, homa kali na tezi ya shingoni iliyolegea, vyote vinaweza kuharibu mchoro.

Kinachonikera zaidi ni saa yenyewe. Wazungu humwambia mgonjwa aweke dakika kumi baada ya 11, na wana sababu: aliyeanza kulegea hulisikia neno "kumi" akakimbilia namba 10, wakati dakika kumi hukaa kwenye 2. Mtego mzuri huo, mpaka ufike Tanga. Sisi wakati huo twauita saa tano na dakika kumi. Mdomo unasema tano, mshale mfupi unatakiwa 11! Mzee akiuweka kwenye 5, kakosa nini? Nimeingia nyumba ambamo saa ya ukutani imetegwa Kiswahili moja kwa moja: adhana ya adhuhuri inakaribia na mshale uko kwenye 6.

Kibaya zaidi, nimewahi kumsikia mpimaji akisema, "Chora saa kumi na moja na dakika kumi," akidhani katafsiri. Mzee akauweka mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2, sahihi kabisa kwa saa kumi na moja ya jioni. Akapewa sifuri. Nilitoka nje kunywa maji.

Mimi husema "saa tano asubuhi", na mshale ukienda kwenye 5 humwuliza saa ya nyumbani kwake ikoje. Tatizo ni kwamba nikishauliza hivyo nimemsaidia, na alama zangu hazilingani tena na za mwenzangu wa chumba cha pili. Nimewahi kulihesabu kosa hilo, nimewahi kulisamehe, na sijui lini nilikuwa sawa.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliiacha kalamu. Kipimo chao, IDEA, humtaka mzee aige umbo kwa njiti za kiberiti, ataje wanyama kwa dakika moja, aseme leo ni siku gani. Nakipenda, ila mwenye mtoto wa jicho hata njiti hazioni.

Na kuna waliosoma. Karani mstaafu mmoja alinichorea saa ya kutundikwa ukutani, namba zimejipanga kama askari. Mkewe nyuma yake anatikisa kichwa kimyakimya. Mzee alikuwa ameshapotea mara mbili akitoka msikitini Ngamiani kurudi kwake, njia ya miaka arobaini.

Kwa hiyo yule kijana nilimwuliza mama yake hushinda akifanya nini. Husuka ukili wa kushonea mikeka. Basi mlete, na aje na ukili wake.

Akaja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, za kwako?" Akakaa, vidole vikaanza kwenda bila ya macho kuvifuata, nami nikaanza kuandaa hotuba ya kumsuta kijana. Kisha nikaukunjua ukili. Pima mbili za mwanzo, zambarau na nyeupe zapishana sawasawa. Kuanzia ya tatu rangi zimeparaganyika, nyeupe zinafuatana, mpaka mwisho.

Binti yake aliyemsindikiza akasema kwa sauti ya chini, "Zamani angefumua yote. Siku hizi ukimwonyesha, anakuuliza kosa liko wapi."

Hilo ndilo nililoliandika mwanzo kwenye faili, kabla ya vipimo vya damu na macho. Kijana nilimrudishia karatasi yake.