Je, wajua kwa nini wimbi la Kigoma huchosha kuliko la Bahari ya Hindi?

Mtu wa pwani akipanda boti Hifadhi ya Gombe, kwenye Ziwa Tanganyika, mwezi wa Julai kurudi Kibirizi, kituo cha boti cha mji wa Kigoma, kilomita 16 tu kusini, hushuka akijishika kiuno. Mawimbi aliyopita si makubwa kuliko ya kwao. Mengi hayafiki hata kimo cha mtu. Lakini boti imegonga njia nzima, maji yamemrukia usoni, na kila alipodhani wimbi limepita lingine lilikuwa limeshafika. Tatizo hapa si urefu wa wimbi kwenda juu, bali nafasi iliyopo kati ya wimbi moja na linalofuata. Mafundi wa boti wa Ujiji, Katonga na Kibirizi wanaunda vyombo vyao kwa kuitazama nafasi hiyo.

Tuanze na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma juu ya Ziwa Tanganyika karibu kila siku. Ziwa lenyewe limelala kaskazini–kusini, urefu wake ni kama kilomita 670 na upana wa wastani kilomita 50, na milima ya bonde la ufa imesimama pande zote mbili. Kwa hiyo upepo hubanwa ukafuata urefu wa ziwa. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na umbali wa maji matupu unayoyapitia. Kutoka milima ya Mahale, upande wa kusini, hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 120. Upepo wa kilomita 35 hivi kwa saa ukivuma mchana kutwa juu ya umbali wa namna hiyo, kanuni za kukadiria mawimbi zinatoa kimo cha kama mita moja na nusu. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo wa kutoka ziwani kwenda bara huongezeka juu ya kusi, ndiyo maana wenye boti wanapendelea safari za asubuhi.

Sasa linganisha na bahari. Mawimbi mapana yanayofika pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi yamezaliwa mbali sana, kusini mwa Bahari ya Hindi, yakasafiri maelfu ya kilomita. Njiani yale mafupi hufa, yanabaki marefu. Wimbi kama hilo hupita kila baada ya sekunde 12 hivi, na kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni kama mita 225. Boti ya mita 10 hulipanda taratibu na kulishuka taratibu. Wimbi la Tanganyika halijapata safari hiyo, bado liko karibu na upepo uliolizaa. Hupita kila baada ya sekunde 4 hadi 6. Chukua lile la sekunde 4: mgongo hadi mgongo ni mita 25 tu, na mawimbi 15 yanapita kwa dakika badala ya matano. Omo, yaani sehemu ya mbele, ya boti ya mita 10 ikiwa juu ya mgongo, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inakaribia bondeni. Chombo hakipati nafasi ya kutulia, kinapigwa tena.

Hapo pia lipo jibu la wageni wanaouliza kama Kigoma kuna ufukwe wa ule mchezo wa kuteleza juu ya wimbi kwa ubao. Mchezo huo unahitaji wimbi lianze kuvunjika mbali na nchi kavu na liendelee kuvunjika polepole. Wimbi huanza kuhisi chini pale kina kinapokuwa nusu ya nafasi kati ya migongo, na huvunjika kina kikikaribia kimo chake au kukizidi kidogo. Wimbi la mita 225 linahisi chini kwenye kina cha zaidi ya mita 100, la mita 25 mpaka lifike kwenye mita 12 na nusu. Na ufukwe wa Kigoma, sehemu kubwa, unashuka kwa kasi: ziwa lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na miamba inaingia majini bila kubembeleza. Wimbi linafika likiwa zima, linapasuka juu ya mawe hatua chache tu kutoka ulipo. Kwa mwenye ubao hapo pana hatari tu. Pwani hulainika kidogo Ujiji, na zaidi kusini kuelekea Ilagala, ambako mto Malagarasi unamwaga mchanga na tope. Atakayetaka kuogelea kwa utulivu wakati wa kusi atafute ghuba ndogo zilizojificha nyuma ya rasi, upande wa Katonga na Bangwe, si ufukwe ulio wazi.

Turudi kwa fundi. Kazi huanzia kwenye mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, gogo moja lililonyooka, linalolazwa juu ya magogo mafupi ili fundi apate kupita chini. Mkuku ukipinda hata kidogo boti itavuta upande mmoja maisha yake yote, na nahodha atakuwa akipigana na usukani badala ya wimbi. Omo huinuliwa juu na kulazwa mbele, na mbavu za boti karibu na omo hupanuka kadiri zinavyopanda. Upanuzi huo ndio jibu la wimbi fupi. Omo nyembamba iliyosimama wima ingezama ndani ya wimbi la pili kabla haijatoka kwenye la kwanza. Omo iliyopanuka hupata nguvu ya kuelea kadiri inavyozama, ikainuka yenyewe. Gharama yake ni ule mgongano unaoumiza kiuno.

Mataruma, yaani mbavu za ndani, hukatwa kwenye matawi yaliyopinda yenyewe porini. Fundi anayejua kazi hachongi taruma kutoka kwenye mbao iliyonyooka, kwa sababu nyuzi za mti zitakatika pale penye pindo na taruma litavunjika hapo hapo. Kwa mbao za ubavu, mninga una sifa yake: haunywi maji wala kuvimba sana, na hauozi haraka. Bei yake ndiyo inayowafanya wengi waende kwenye mbao nyingine.

Kisha kuna kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, na hapa ndipo boti nyingi huharibikia. Kati ya ubao na ubao huachwa mwanya mwembamba. Pamba husokotwa, hupakwa mafuta, na Kigoma mafuta yaliyo jirani ni mawese, kisha hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mawese hayakauki yakawa magumu, kwa hiyo pamba hubaki laini na kufuata mbao zinapocheza. Ila kwa sababu hiyo hiyo hulika na lazima irudiwe. Ukishindilia kidogo, mtikisiko wa wimbi utaivuta pamba nje. Ukishindilia kupita kiasi mbao zikiwa kavu, ni vibaya zaidi: mbao huvimba kwa upana zinapokunywa maji, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka misumari inalegea. Ndiyo maana boti mpya huachwa ikinywa maji kwanza. Inavuja, watu wanafua maji, yaani wanayatoa kwa kopo, siku mbili tatu baadaye mianya imejifunga yenyewe. Mwenye haraka anayeona uvujaji huo akaongeza pamba siku ya kwanza anajitengenezea matatizo ya mwezi wa pili.

Boti iliyovutwa ufukweni katika jua la Agosti hupata kinyume chake. Mbao husinyaa na mianya hufunguka. Dawa ni kuifunika kwa matawi ya michikichi na kuimwagia maji kila siku.

Misumari hupigwa kutoka nje na ncha kukunjwa ndani juu ya taruma. Msumari usiopakwa zinki ni akiba ya uongo. Kutu hula mbao iliyouzunguka, tundu linapanuka, na msumari unabaki umesimama bila kushika kitu.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa Kigoma amepumzishwa nalo. Baharini, mdudu mtoboa mbao humlazimu mwenye jahazi kupaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini ya chombo chake mara kwa mara. Mdudu huyo haishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Lakini chumvi nayo, inayosaidia kuzuia ukungu kwenye mbao za baharini, ziwani haipo. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti juu ya mkuku huozesha kimya kimya, hasa pale taruma linapokutana na mkuku, mahali ambapo hewa haipiti. Boti nyingi zinazoonekana nzima kwa nje zimekufa hapo.

Maji yasiyo na chumvi pia ni mepesi. Shehena ile ile huzamisha boti kama asilimia 2 na nusu zaidi kuliko baharini. Ni kidogo, ila kwa boti iliyosheheni magunia hadi ukingoni, kidogo hicho ndicho wimbi linalokitafuta.

Karakana zenyewe ni za ufukweni, na ufukwe wa ziwa hili huhama. Mwaka 1878 maji yalikuwa juu sana, mto Lukuga upande wa Kongo ukafungua njia, na ziwa likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji, alikokutwa na Stanley mwaka 1871, leo uko mbali na maji. Miaka ya 2020 na 2021 maji yalipanda tena, yakafunika sehemu za Kibirizi, Katonga na hata bandari ya Kigoma, na mafundi wakasogeza magogo yao juu.

Kwa atakayepanda, kabla ya kulipa nauli angalia mambo mawili. Chungulia chini, karibu na mkuku: maji kidogo yenye ndoo au kopo la kuyatolea pembeni ni kawaida, maji mengi bila chombo cha kuyatolea si kawaida. Kisha tazama mzigo uko wapi. Magunia yakilundikwa omoni, ule upanuzi aliouchonga fundi hauna kazi tena, kwa sababu omo haitainuka. Mzigo unatakiwa katikati, na abiria vilevile, wakiwa na majaketi okozi yamefungwa mwilini, si yamekaliwa. Wimbi likianza kukua, nahodha mzuri hupunguza mwendo na kuliendea kwa mshazari. Akilikabili uso kwa uso boti itagonga, akilipa ubavu itapinduka, na likimjia nyuma kwa kasi kuliko yeye, linaweza kuizungusha tezi na kuiweka boti ubavu. Nahodha akiamua kuingia kwenye ghuba ndogo na kusubiri jioni kusi ipungue, usimharakishe.