IOSA haikagui ndege, inakagua shirika

Wengi hudhani shirika la ndege likipita IOSA, yaani ukaguzi wa usalama wa uendeshaji, ndege zake zimepimwa moja moja zikaonekana nzima. Sivyo. Ukaguzi huu, ulioanzishwa mwaka 2003 na IATA, chama cha mashirika ya ndege, hutazama namna shirika linavyojiendesha: urushaji, matengenezo, huduma za ardhini, mizigo, ulinzi. Kabla yake, mashirika yaliyouziana tiketi yalikaguana yenyewe kwa yenyewe, kila moja kwa vigezo vyake, na maswali yaleyale yalijibiwa mara nyingi.

Mkaguzi haulizi tu kama utaratibu umeandikwa. Kitabu kikisema rubani apumzike saa kadhaa kati ya safari, anaomba ratiba za kazi zenyewe na kulinganisha. Kilichoandikwa bila kutekelezwa ni dosari. Kinachotekelezwa bila kuandikwa ni dosari pia. Kwangu, hapa ndipo penye uzito wote wa ukaguzi huu.

Wala IOSA si leseni. Leseni hutolewa na mamlaka ya anga ya nchi, na usimamizi wa nchi hukaguliwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulipoyazuia mashirika yote yenye leseni ya Tanzania kuruka katika anga yake, sababu iliyotajwa ilikuwa udhaifu wa usimamizi huo.