Maswali Kabla ya Kusikiliza: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Katika somo la lugha, maswali ya kuchangamsha darasa kabla ya kusikiliza rekodi ni kupoteza muda. Weka sauti, wasikilize.

Mwaka 1972 watafiti wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasikilizisha watu aya inayoeleza ufuaji wa nguo bila kuutaja. Waliodokezwa mada mapema walikumbuka mambo karibu mara mbili ya wasiodokezwa. Waliokuja kutajiwa mada baada ya kusikiliza hawakuambulia kitu. Na hiyo ilikuwa lugha wanayoijua! Sasa mgeni anayejifunza Kiswahili, ukimwekea ghafla rekodi ya mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, atasikia nini zaidi ya makelele?

Dhana: Swali lolote linafaa.

"Unapenda samaki?" Huyu ndiyo, yule hapana, mazungumzo yamekufa. Uliza hivi: "Kwenu samaki huuzwa kwa kilo, kwa fungu au kwa mnada? Bei ya kwanza hutajwa na nani? Muuzaji atasema nini ili wanunuzi wapandishe?" Hata mwenye Kiswahili cha kuombea maji atakuwa na la kusema, na maneno mengi ya mnadani yatatoka vinywani mwao kabla hujabonyeza kitufe.

Dhana: Orodha ya maneno magumu inatosha.

Anna Chang na John Read walipowapima wanafunzi wa Kiingereza huko Taiwan, katika utafiti uliochapishwa 2006, kuwaeleza mada kulisaidia kuliko yote. Kuwafundisha msamiati kulishika mkia. Mimi sishangai. Aliyekariri orodha huvizia neno lake, na akilinasa, sentensi tatu zimeshampita.

Dhana: Mjadala ukirefuka ndiyo bora.

Dakika tano zatosha. Ukijadili dakika ishirini kwa rekodi ya dakika mbili, hicho ni kipindi cha kuzungumza.

Dhana: Maswali ya awali huwapa wanafunzi majibu.

Yakitungwa ovyo, ndiyo. Waache wakisie, andika makisio ubaoni bila kusahihisha. Aliyebishana na mwenzake atatega sikio ajue nani mkweli. Mwangalie zaidi yule anayeijua Feri vizuri, maana anaweza kujibu kwa uzoefu wake bila kusikiliza chochote. Mwekee swali ambalo jibu lake limo kwenye rekodi tu: yule jodari wa mwisho alichukuliwa na nani, na kwa shilingi ngapi?