Nanotyubu za Kaboni: Kilichomo Ndani Hubadilisha Vipimo

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kwamba vipimo vya mwanga tunavyotoa havilingani na majedwali ya nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo sana iliyoundwa kwa atomi za kaboni, maabara yetu inaona ni vyema kutoa ufafanuzi. Tunaamini wanaolalamika wana nia njema. Hata hivyo, wengi wao wametuletea nanotyubu za ukuta mmoja bila kueleza zimebeba nini, na wakati mwingine wao wenyewe hawajui kwamba zimebeba kitu.

Ukuta huo ni tabaka moja tu la atomi, na kwa hiyo elektroni zake huhisi kilichomo ndani sawasawa na kilicho nje. Nanotyubu ambazo ncha zake zimefunguka, iwe kwa asidi au kwa mawimbi ya sauti, hujaa maji zenyewe pindi zinapotawanywa ndani ya maji yenye kemikali za sabuni. Zikishajaa, vilele vya ufyonzaji (rangi za mwanga ambazo nanotyubu hufyonza zaidi) husogea upande wa mwanga mwekundu na kupanuka, na mng'aro wa infraredi (mwanga usioonekana ambao nanotyubu hutoa) hufifia kuliko ule wa nanotyubu tupu. Zikijazwa alkani nyoofu (hidrokaboni zilizoshiba) badala ya maji, vilele huwa vyembamba zaidi na mng'aro hurejea kwa nguvu. Tofauti hizo si hitilafu ya mashine, kama tunavyoandikiwa karibu kila wiki.

Mabadiliko makubwa zaidi hutokea pale kijazo kinapotoa au kupokea elektroni. Potasiamu huzitoa na kupandisha kiwango cha Fermi (kiwango cha nishati ambacho elektroni hujaza hadi hapo); iodini huzipokea na kukishusha. Kwenye nanotyubu za nusukipitishi (zinazopitisha umeme kwa kiasi tu), kilele cha kwanza cha ufyonzaji huzama, pengine kikatoweka kabisa, kwa sababu elektroni zinazopaswa kuruka hazipo tena au nafasi za kutua zimekwisha kujaa, ilhali upitishaji wa umeme huongezeka. Hili halimaanishi kwamba nanotyubu imegeuka metali: mpangilio wa atomi za ukuta ni uleule, na kijazo kikiondolewa, hali ya awali hurejea. Tumelieleza mara nyingi.

Si kila kitu huingia popote. Molekuli ya C60 (tufe la atomi 60 za kaboni), iliyoonekana ndani ya nanotyubu kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ina kipenyo cha nanomita 0.7 hivi, lakini huhitaji nanotyubu ya takriban nanomita 1.3 au zaidi, kwa kuwa lazima ibaki nafasi kati yake na ukuta.

Kila sampuli iletwe katika chupa ya kioo iliyofungwa, pamoja na fomu inayoonyesha kipenyo, njia ya kufungua ncha, kijazo, halijoto ya ujazaji na namna masalia ya nje yalivyoondolewa. Unga mkavu katika mfuko wa plastiki haupokelewi, kwa sababu vumbi lake halipaswi kuvutwa. Aina moja ya nanotyubu za kuta nyingi iliorodheshwa na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani) mwaka 2014 miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Sampuli isiyo na fomu itarudishwa bila kufunguliwa, kwa gharama ya mletaji, naye atapoteza zamu yake. Anayerudia kosa hilo atasimamishiwa huduma hadi atoe maelezo ya maandishi.

Atakayejaza neno "tupu" aambatishe ushahidi wa Raman (kipimo cha jinsi sampuli inavyotawanya mwanga wa leza) au wa ufyonzaji. Bila hivyo cheti kitasomeka "kijazo hakijulikani", na hakitabadilishwa baada ya kutolewa.