Mgogoro wa mapenzi na wajibu: maana yake katika fasihi

Fisi wa methali alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na harufu ya nyama kule, akatanua miguu azifuate njia zote mbili, akapasuka msamba. Kila nikifundisha mgogoro wa nafsi hapa Mbeya, lazima atokee mwanafunzi wa kumleta fisi huyu darasani. Namkaribisha, kisha namtoa. Njia zake zote mbili zilinukia nyama. Aliyemuua ni uroho wake. Katika mgogoro ninaotaka kuueleza, nyama inanukia njia moja tu. Kwenye ile nyingine amesimama mtu anayekuita kwa jina lako.

Kwa lugha ya darasani, mgogoro wa mapenzi na wajibu ni hali ya mhusika kuvutwa, ndani ya nafsi yake mwenyewe, na kile anachokipenda na kile anachodaiwa na wengine, asiweze kutimiza kimoja bila kukiumiza cha pili. Mapenzi hapa ni mapana kuliko yale ya mume na mke. Shauku ya kusoma imo, ya muziki imo, hata ile hamu ya kuondoka kijijini na kutorudi. Na wajibu nao ni mpana: mzazi, ukoo, kiapo, imani, kazi uliyokabidhiwa.

Wengi huuchanganya na mgogoro wa nje. Wazee wakikataa posa na vijana wakatoroka, wanaogombana hapo ni wazee na vijana. Nafsi inaingia pale kijana anapojua kwamba baba yake ana haki ya kumdai, na moyo bado haugeuki. Ukitaka kupima, jiulize: wazee wakifa wote leo, mhusika atalala usingizi? Akilala, mgogoro ulikuwa wa nje.

Somo hili mimi nimelielewa zaidi kutoka kwa kijana mmoja wa darasa langu la jioni, mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye mchana alikuwa utingo wa lori la viazi. Niliomba mifano, akatoa wake. Lori lilikuwa limeegeshwa Uyole, limejaa, dereva amekwenda kulala gesti. Kazi ya utingo usiku ni kulinda mzigo. Saa nne ikaingia meseji: msichana aliyempenda anapanda basi la Dar es Salaam alfajiri, harudi tena, kwa hiyo kama anataka kuagana naye aende sasa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Uyole mwezi Julai haimbembelezi mtu. Alishuka kutoka juu ya turubai mara tatu. Mara ya tatu alifika barabarani, akasimamisha bodaboda, wakapatana bei, akapandisha mguu mmoja. Kisha akamwambia yule bwana aende zake. Akarudi juu ya viazi, akakaa macho hadi basi lilipopita kukiwa bado na giza. Akaliwashia tochi.

Nikamuuliza kama alimwogopa tajiri. "Hapana, Mwalimu. Tajiri simjui hata kwa sura. Nilikuwa namwona mama. Yeye ndiye aliyenidhamini kwa dereva."

Tangu jioni ile kila nikisoma kitabu chenye mgogoro wa namna hii natafuta jambo moja: wajibu umepewa sura ya nani? Mpenzi ana sura siku zote, ana macho, ana sauti, tunamwona akija. Wajibu mara nyingi huachwa kama neno tupu. Na neno tupu haliwezi kushindana na mtu.

Chukua tamthiliya ambayo karibu kila aliyepita sekondari Tanzania ameigusa, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Ngoswe ni karani wa sensa, ametumwa kijijini kuhesabu watu. Anakutana na Mazoea, binti wa mzee Mitomingi, wanapendana, anamtorosha, na mwisho karatasi za hesabu zinateketezwa kwa moto. Wanafunzi wangu huitaja tamthiliya hii kama mfano wa kwanza wa mgogoro wa mapenzi na wajibu. Nawapa alama, kwa sababu pande zote mbili zimo. Lakini kwa usomaji wangu, upande wa wajibu ni mwepesi mno ndani ya Ngoswe mwenyewe. Mazoea yuko mbele yake. Taifa linalosubiri takwimu liko mbali, na kilicho mkononi mwake ni makaratasi. Havutwi sana huku na huku, anateleza. Jina lenyewe la kitabu limekwisha kutoa hukumu: uzembe. Ni tamthiliya nzuri, nami naipenda kuifundisha, ila inatuonya zaidi kuliko inavyotupasua.

Sasa iweke kando ya Le Cid ya Pierre Corneille wa Ufaransa, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1637. Rodrigue anampenda Chimène. Baba yake Chimène anampiga kofi baba yake Rodrigue, mzee ambaye hana tena nguvu za kushika upanga. Hapo wajibu una shavu, na shavu hilo limepigwa. Mzee anamkabidhi mwanawe kazi ya kulipiza. Rodrigue anabaki peke yake jukwaani akipima, na anachogundua ndicho kinachofanya nirudi kwenye tamthiliya hii kila mwaka: akimuua baba wa Chimène atamkosa Chimène, na asipomuua Chimène atamdharau kama mtu asiye na heshima. Kumbe mapenzi yenyewe yanamdai atimize wajibu. Anamuua. Baadaye anakwenda nyumbani kwa Chimène na upanga uleule na kumwomba amuue. Chimène, ambaye mchana amemlilia mfalme ili Rodrigue auawe, hawezi kuushika. Naye pia ana baba. Mgogoro umezaa mgogoro.

Nyumbani tunaye mtoto wa Fumo Liyongo, ambaye masimulizi ya pwani yamemhifadhi kwa aibu. Aliahidiwa binti wa mfalme endapo angemuua baba yake. Akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua, baba akamwambia, na kijana akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Wengi humwita msaliti na kufunga kitabu. Mimi huwaomba wanafunzi wabaki naye pale kitandani, baba amelala, sindano iko mkononi. Sura ya wajibu iko chini ya macho yake, inapumua.

Kwetu huku nyanda za juu kusini mgogoro huu umo katika historia, na sijui kwa nini hatuufanyii kazi zaidi jukwaani. Baada ya Wajerumani kuiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliendelea kupigana akiwa porini hadi alipojiua mwaka 1898. Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa 1896, Wajerumani walimtawaza ndugu yake, Mpangile, awe mtawala wa Wahehe. Mapema 1897 wakamnyonga, wakimtuhumu kwamba anamsaidia nduguye kwa siri. Historia inatupa kiti, tuhuma na kamba. Haisemi aliwaza nini. Huenda alikitaka kiti kweli, hilo nalo ni shauku. Huenda alikaa juu yake akiwaza watu waliochoka na vita. Na huko porini alikuwako mtu waliyezaliwa baba mmoja.

Kama ningekuwa mwandishi wa tamthiliya, nisingeanza na mapigano wala na kunyongwa. Ningeanza usiku, Iringa, mvua inanyesha, Mpangile yuko ndani peke yake. Mlango unagongwa. Anayegonga ametoka porini, amelowa, anataka chakula cha kumpelekea Mkwawa, na nje walinzi wa Wajerumani wanazungumza. Mpangile anakitazama kibuyu mkononi mwa mgeni, anakitambua ni cha nani.