Jiji gani lina joto zaidi? Dhana potofu na ukweli kuhusu hali ya hewa

Ubishi wa hali ya hewa haukosi watu. Mmoja anaapa hawezi kuishi pasipo na jua, mwingine analalamika kwamba joto linamtia uvivu, wa tatu anatoa simu na kusoma wastani wa joto wa mwaka kama hakimu anayetoa hukumu. Tatizo ni kwamba namba nyingi tunazobishania ngozi haina habari nazo.

"Ukikaribia ikweta, joto linazidi kuwa kali"

Singapore iko nyuzi moja na kidogo tu ya latitudo kutoka ikweta, na rekodi yake ya joto ni nyuzi 37 za Selsiasi. London iko mbali huko kaskazini, lakini tarehe 19 Julai 2022 kipimo cha Heathrow kilifika 40.2. Singapore imezungukwa na bahari, na mara nyingi mawingu ya alasiri huleta mvua kabla joto halijapanda kupita kiasi. London mwezi wa Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 16, na upepo ukileta hewa ya moto kutoka kusini, kipimo hupaa.

Halafu kuna mwinuko. Quito, mji mkuu wa Ekuado, imekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, ila iko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni bila sweta utajuta. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.

"Nyuzi 32 ni nyuzi 32 popote ulipo"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linashangaza zaidi likitoka kwa msema Kiswahili, maana lugha yetu imeshatenganisha joto na fukuto.

Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapotiririka. Ukiwa Phoenix, katika jangwa la Arizona, lowesha mkono kwa maji mwezi wa Juni: utakauka kabla hujapata taulo, na kwa dakika hiyo moja utahisi baridi. Singapore, kwa joto la chini zaidi, unavuka barabara moja tu na shati limeshaganda mgongoni. Hewa imejaa mvuke, haina nafasi ya kupokea jasho lako, basi linadondoka bure.

Wengi wakishajua hilo hukimbilia asilimia ya unyevu, nayo ni mtego mwingine. Asubuhi ya baridi London unyevu unaweza kuwa asilimia 90 na mtu asitoe hata tone la jasho. Asilimia hiyo hupimwa kulingana na mvuke ambao hewa ya joto lile inaweza kubeba, na hewa baridi hubeba kidogo sana. Kipimo cha kuangalia ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Kikiwa chini ya nyuzi 16, watu wengi hawana neno. Kikipita 21, manung'uniko huanza. Singapore hukaa kwenye 24 hivi karibu kila siku, mchana na usiku, na ndiyo sababu hata saa nane za usiku shuka huwa zito.

Lakini asije mtu akakwambia joto kavu halina madhara. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi. Na kwa kuwa jasho hukauka bila wewe kuliona, maji mwilini hupungua huku ukijiona mzima.

"London inanyesha kuliko kwingine"

London hupata milimita 600 hivi kwa mwaka. New York hupata karibu mara mbili ya hizo. Hata Roma, watu wanakokimbilia jua, huipita London kwa mvua. Tofauti ni kwamba mvua ya Roma hushuka kwa kishindo, kisha anga linafunguka. Ya London ni rasharasha chini ya wingu la kijivu lisilo na haraka. Anayeichukia London, nadhani, anachukia mawingu na kuisingizia mvua.

"Wastani wa mwaka unatosha kulinganisha"

Ukitazama wastani wa mwaka tu, Beijing na San Francisco zinakaribiana, zote zikiwa kwenye nyuzi 13 au 14 hivi. Sasa fungua miezi. Beijing Januari huwa chini ya sifuri, na Julai hufika wastani wa nyuzi 27 hivi. San Francisco haitoki sana kwenye hali ya sweta jepesi. Mkondo baridi wa Pasifiki huipoza pwani, ukungu unaingia, na mtalii aliyefika Julai na kaptula hutetemeka huku akisubiri Septemba, mwezi ambao kwa kawaida huwa na joto kuliko Julai. Wastani wa mwaka umewafanya mapacha, nao hata ndugu si ndugu.

"Mimi na joto hatupatani, nimezaliwa hivyo"

Huenda umejihukumu siku ya tatu. Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kulizoea joto: jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Ukiondoka, mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache.

Mapenzi ya hali ya hewa yapo kweli, ila tunayakuza. Mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman walilinganisha wanafunzi wa California na wale wa majimbo ya katikati ya Marekani yenye baridi kali. Pande zote zilidhani watu wa California wana furaha zaidi. Walipoulizwa kila mmoja anavyoridhika na maisha yake, tofauti haikuonekana.

Mimi mwenyewe ni mtu wa mawingu. Nipe nyuzi 18, upepo mwembamba na anga lililofunikwa, na dirisha nitaliacha wazi siku nzima.